Je, Wajua? Unaweza Kulala Alipolala Mfalme

Je, wajua kwamba chumba alicholala Mfalme Henry VIII wa Uingereza kinakodishwa kwa usiku? Kiko Thornbury Castle, Gloucestershire, kasri ambalo leo ni hoteli. Mfalme alifikia hapo Agosti 1535 akiwa na mkewe, Anne Boleyn. Wewe utafikia mapokezi, utapewa ufunguo, utapanda ngazi.

Ngoja, bado. Aliyeanza kulijenga kasri hilo, Edward Stafford, Duke wa Buckingham, hakuwahi kulimaliza. Henry huyohuyo aliamuru akatwe kichwa mwaka 1521 kwa kosa la uhaini, kisha akalitwaa jumba. Mgeni alimuua mwenyeji kwanza, ndipo akaja kulala!

Kaa vizuri basi, maana leo tunayazungukia majumba makubwa ya mashambani ya Uingereza na jirani zake. Zamani yalikuwa ya makabaila na wageni wao wateule. Sasa ni hoteli, na mengi yangekuwa vifusi kama si vitanda vya wageni na kazi ya jikoni.

Unadhani natia chumvi? Mwaka 1955, nchini Uingereza, jumba moja la namna hii lilikuwa likibomolewa kila baada ya siku 5. Kodi za mirathi zilikuwa zimepanda, watumishi wameondoka baada ya vita vikuu viwili, na mapaa yanavuja. Majumba zaidi ya 1,000 yalitoweka katika karne ya 20.

Lakini alikuwepo kijana mpishi, Francis Coulson. Mwaka 1948 alinunua nyumba kando ya ziwa Ullswater, kaskazini mwa Uingereza, akaigeuza hoteli: Sharrow Bay. Wengi huihesabu kuwa ndiyo hoteli ya kwanza ya aina hii, yaani unakaa katika nyumba ya watu kama mgeni wa familia, na unapikiwa kwa ustadi wa hali ya juu.

Na wajua alianza wakati gani? Wakati nyama, siagi na sukari vinagawiwa kwa vipimo vya serikali! Vita vilikwisha 1945, lakini mgao wa chakula Uingereza haukukoma hadi Julai 1954. Zaidi ya hapo, kati ya 1942 na 1950 sheria ilikataza mkahawa kutoza mlo zaidi ya shilingi 5. Shilingi 5 tu, uwe tajiri uwe nani! Katika hali hiyo ndipo mtu akaamua kufungua nyumba ya anasa ya kula.

Kitindamlo kilichompa Coulson jina ni keki laini ya moto iliyomwagiwa sosi ya sukari, siagi na krimu. Waingereza huipenda hadi leo, na utaikuta kwenye menyu kuanzia baa za vijijini hadi hoteli za bei mbaya. Na siri yake? Tende! Tende zilizokatwakatwa na kulowekwa kwenye maji ya moto. Tunda lile tunalofungulia saumu Mombasa, Unguja na Muscat ndilo linaloifanya keki ya Kiingereza iwe nyororo.

Haya, twende Cliveden, kando ya mto Thames. Jumba hili limejengwa mara tatu. La kwanza lilianzishwa mwaka 1666, likaungua 1795. La pili likaungua 1849, na Malkia Victoria aliuona moshi kutoka kasri lake la Windsor akatuma magari ya kuzimia moto, enzi hizo yakivutwa na farasi. La tatu alilichora Charles Barry. Ndiye pia aliyelichora jengo la Bunge la London unaloliona kwenye picha likiwa na mnara wa saa.

Je, wajua kwamba jumba hilo lote liliwahi kuwa zawadi ya harusi? Tajiri wa Marekani, William Waldorf Astor, alilinunua mwaka 1893, na mwaka 1906 akampa mwanawe Waldorf alipooa. Bibi harusi alikuwa Nancy, binti wa Virginia, Marekani. Mwaka 1919 Nancy huyo akawa mwanamke wa kwanza kukaa kwenye kiti cha ubunge katika Bunge la Uingereza. Umeona bibi harusi huyo?

Chumba kimoja cha maakuli hapo Cliveden hakikutengenezwa Uingereza kabisa. Kuta zake za mbao zilizochongwa na kupambwa kwa rangi ya dhahabu ziling'olewa kwenye kasri la Asnières, karibu na Paris, zikavuka bahari na kupachikwa upya. Astor alizinunua mwaka 1897. Ndani ya kuta hizo Madame de Pompadour, kipenzi cha Mfalme Louis XV, aliwahi kukaa. Leo wewe unaweza kukaa hapohapo ukipakiwa siagi kwenye mkate.

Bustani nayo ina yake. Tarehe 1 Agosti 1740, wimbo wa kizalendo wa Waingereza, "Rule, Britannia!", uliimbwa kwa mara ya kwanza duniani katika bustani ya Cliveden, mbele ya Mwanamfalme Frederick. Na bwawa la kuogelea? Julai 1961 waziri wa vita, John Profumo, alikutana hapo na msichana aitwaye Christine Keeler. Kilichofuata kilimfanya ajiuzulu mwaka 1963 na kuitikisa serikali nzima. Bwawa bado lipo, na wageni wa hoteli bado wanaogelea humo.

Hata wanafunzi wamelala Cliveden! Kabla jumba halijawa hoteli katika miaka ya 1980, Chuo Kikuu cha Stanford cha Marekani kililipanga na kuleta wanafunzi wake kusoma hapo. Mwaka 2018, Meghan Markle alilala hapo na mama yake usiku wa kuamkia harusi yake na Prince Harry.

Unataka mfalme mwingine? Ninaye. Hartwell House, Buckinghamshire, ilikuwa makao ya Louis XVIII wa Ufaransa alipokuwa mkimbizi, kuanzia 1809 hadi 1814. Alikuja na watu zaidi ya 100 wa ukoo na wa baraza lake, wakabanana hadi darini. Na unajua walichofanya kwenye paa? Walifuga kuku na sungura, wakapanda mboga! Wafalme wa Ufaransa, juu ya paa la watu, wakimwagilia mchicha wao.

Mwaka 1814 Napoleon alipoanguka, Louis aliletewa karatasi za kurudi kwenye kiti cha enzi, akazitia sahihi ndani ya maktaba ya Hartwell. Maktaba hiyo ipo. Unaingia na kikombe chako cha kahawa.

Na hili ndilo linalonifurahisha kuliko yote kuhusu Hartwell. Richard Broyd, mtu aliyeiokoa nyumba hiyo pamoja na nyingine mbili, Bodysgallen Hall ya Wales na Middlethorpe Hall ya York, akazigeuza zote hoteli, mwaka 2008 alizitoa bure kwa National Trust, shirika linalotunza urithi wa nchi. Hoteli tatu, zawadi moja! Watu wa namna hii wapo, na mimi huwapigia makofi.

Sasa, jikoni. Je, wajua kwamba makabaila wa zamani walikula chakula kilichopoa karibu kila siku? Jikoni lilijengwa mbali na chumba cha maakuli ili harufu na moto visiwafikie. Nyama ilitoka motoni ikapita korido, ngazi na milango kabla ya kufika mezani.

Duke wa tano wa Portland aliona hapana. Katika jumba lake la Welbeck Abbey alichimba njia za chini ya ardhi, na chakula kikawa kinasafirishwa kwenye kitoroli chenye joto kilichopita juu ya reli! Inasimuliwa pia kwamba kuku alikuwa akichomwa jikoni muda wote, usiku na mchana, ili Duke akisikia njaa asisubiri. Alifariki 1879. Sijui kama kuna aliyemzidi kwa kujali tumbo.

Je, wajua kwamba hapo zamani mezani hapakuwa na kozi ya kwanza, ya pili na ya tatu kama tunavyozijua? Vyakula vilipangwa vyote mara moja, samaki, nyama, mikate na vitamu, nawe ukala kilicho karibu na mkono wako, kama kwenye sinia ya harusini. Inasemekana aliyeleta Paris desturi ya kupakua sahani moja baada ya nyingine alikuwa balozi wa Urusi, Alexander Kurakin, takriban mwaka 1810. Kwa hiyo ule msururu wa sahani ndogondogo za hoteli kubwa, unaodhani ni wa Kifaransa, ulitoka Urusi.

Na wale wageni wa wikiendi enzi za Mfalme Edward VII! Mwanamke wa tabaka la juu aliweza kubadilisha nguo mara nne au tano kwa siku: ya kifungua kinywa, ya matembezi, ya chai, ya usiku. Magazeti ya bwana yalipigwa pasi asubuhi ili wino ukauke usimchafue vidole. Na kwenye jumba la Sandringham, saa zote zilisogezwa mbele kwa nusu saa ili mfalme na wageni wake wapate mwanga zaidi wa kuwinda. Nusu saa nzima! Utaratibu huo ulifutwa mwaka 1936.

Chai ya saa kumi jioni pamoja na keki na vitafunwa vyake, unajua ilitokana na njaa? Inasimuliwa kwamba miaka ya 1840 Anna, Duchess wa Bedford, alichoka kusubiri chakula cha usiku kilicholiwa saa mbili, akaagiza chai na mkate chumbani mwake. Akaanza kuwaita rafiki zake. Leo hoteli za mashambani zinauza chai hiyo kwa bei ya mlo mzima, na usishangae ukiambiwa majani yametoka Kericho, kwa sababu Kenya ni miongoni mwa nchi zinazoiuzia Uingereza chai nyingi kabisa.

Tuje kwenye nyota. Unasikia watu wanasema hoteli fulani ina nyota ya Michelin. Je, wajua kwamba Michelin hao ni walewale wa matairi ya gari? Mwaka 1900 ndugu wawili, André na Édouard Michelin, walichapisha kitabu cha mwongozo nakala 35,000 wakakigawa bure. Ufaransa nzima wakati huo ilikuwa na magari yasiyofika 3,000! Nia yao ilikuwa watu wasafiri, matairi yalike, wanunue mengine.

Nyota zilianza mwaka 1926. Nyota moja ni mapishi bora, mbili ni mahali panapostahili kukunja kona kwenye safari yako, tatu ni mahali panapostahili safari yenyewe. Wakaguzi hufika kimyakimya kama wateja wengine, hawasemi wao ni nani, na bili wanalipa wenyewe.

Sasa nikwambie habari za Raymond Blanc. Alikuwa mhudumu katika mkahawa mmoja huko kwao Ufaransa, akathubutu kumpa mpishi mkuu ushauri juu ya sosi. Mpishi akampiga na kikaango cha shaba usoni, na Blanc akafukuzwa kazi. Mwaka 1972 akafika Uingereza akiwa mhudumu tena. Hakuwahi kusomea upishi popote. Alijifunza mwenyewe.

Mwaka 1984 alifungua Le Manoir aux Quat'Saisons katika kijiji cha Great Milton, karibu na Oxford. Nyota mbili za Michelin zikaja mara moja, na zikadumu miaka 40. Vyumba 32 tu! Bustani ya mboga ina eneo la ekari 2, na bustani ya matunda aliyoipanda ina miti zaidi ya 2,000. Karoti unayokula saa mbili usiku ilikuwa ardhini asubuhi.

Kati ya vijana waliopikia kwa Blanc alikuwapo Michael Caines. Mwaka 1994, akiwa ndiyo kwanza amekabidhiwa jiko la Gidleigh Park, hoteli ya mashambani ya Devon, alipata ajali ya gari akapoteza mkono wa kulia. Mkono wa kulia wa mpishi! Baada ya majuma machache tu alikuwa amerudi jikoni, na mwaka 1999 Gidleigh Park ikapata nyota ya pili. Mwaka 2017 akafungua hoteli yake mwenyewe, Lympstone Manor. Nikisoma habari zake huwa nasimama kidogo kabla sijaendelea.

Haya, upesi sasa. Moor Hall ya Lancashire, jumba lenye historia ya karne nyingi, ilipewa nyota ya tatu mwaka 2025. Hambleton Hall, katika wilaya ndogo ya Rutland, imeshika nyota yake tangu 1982. Na mandhari ya ziwa inayowavutia wageni wa Hambleton? Ziwa hilo ni changa kuliko nyumba! Jumba lilijengwa 1881 juu ya kilima, na bonde lililo chini yake likajazwa maji miaka ya 1970 ili kuwa bwawa la maji ya kunywa. Maji yalipanda, kilima kikabaki, na hoteli ikaamka ikiwa kando ya ziwa.

Vuka bahari kidogo hadi Ireland. Mwaka 1964 Myrtle Allen, mke wa mkulima, alifungua chumba chake cha kulia nyumbani Ballymaloe kuwa mkahawa. Alipika kilichotoka shambani kwao na kwa wavuvi wa jirani, na menyu ilibadilika kila siku kufuata kilichopatikana. Mwaka 1975 Michelin ikampa nyota. Mama wa nyumbani, chumba chake mwenyewe, nyota ya Michelin!

Hukohuko Ireland iko Ashford Castle, ambayo mwanzo wake ni mwaka 1228. Mwaka 1852 ilinunuliwa na Benjamin Lee Guinness. Ndiyo, wa ile bia nyeusi unayoiona kwenye maduka ya Nairobi na Kampala! Leo mgeni anaweza kutembea msituni akiwa na mwewe aliyefunzwa, ndege akaruka na kurudi kutua kwenye glovu yake.

Nanasi! Hili usilikose. Katika karne ya 18 nanasi moja Uingereza liliweza kugharimu karibu sawa na gari jipya la farasi. Lilipandwa ndani ya nyumba za vioo, mizizi ikipashwa moto na magome ya miti yanayooza. Wasio na uwezo wa kulinunua walilikodi kwa usiku mmoja, wakaliweka katikati ya meza wageni walione, kesho yake wakalirudisha. Hakuna aliyethubutu kulikata. Fikiria hilo siku utakapopita Kiwangwa, Bagamoyo, na kukuta malundo yake kando ya barabara.

Kabaila mmoja wa Scotland, Lord Dunmore, alilipenda tunda hilo hata akajengewa nanasi la mawe lenye urefu wa takriban mita 14 juu ya nyumba ya bustani. Majani, magamba, kila kitu kimechongwa. Na unaweza kulipanga! Shirika la Landmark Trust hulikodisha kwa wasafiri, nawe ukalala kwenye nyumba yenye nanasi kwa paa.

Sasa onja viungo. Ndege wa porini wa Kiingereza, jamaa wa kwale wetu, huanza kuwindwa kila mwaka tarehe 12 Agosti, na hoteli nyingine hushindana kumpakua siku hiyohiyo. Huliwa na sosi ya maziwa na mkate iliyotiwa kitunguu kilichochomekwa karafuu. Katika karne ya 19 sehemu kubwa ya karafuu za dunia ilitoka Unguja na Pemba. Sosi ya kabaila ilinukia Wete!

Vanila iliyomo kwenye krimu yako nayo ina shujaa wake. Ua la vanila huchanua siku moja tu, na nje ya Amerika karibu halizai lisiposaidiwa kwa mkono. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, mtoto mtumwa mwenye umri wa miaka 12, Edmond Albius, aligundua namna ya kulichavusha kwa kijiti na kidole gumba. Wakulima wa vanila wa Bukoba, Uganda, Komoro na Madagaska wanatumia njia ya mtoto huyo hadi leo. Yeye alikufa maskini mwaka 1880. Ukiona doti nyeusi ndogondogo kwenye aiskrimu, mkumbuke kwa jina.

Na zafarani? Kilo 1 inahitaji maua takriban 150,000, na kila ua lina nyuzi 3 tu, zinazochumwa kwa vidole. Waingereza waliwahi kuilima wenyewe katika mji wa Saffron Walden, Essex. Ukiiweka kwenye pilau ya sikukuu, itie kwa heshima.

Jibini la Stilton, lenye mishipa ya buluu, huletwa mwisho wa mlo. Sheria inaruhusu litengenezwe katika wilaya tatu tu: Derbyshire, Leicestershire na Nottinghamshire. Kijiji cha Stilton chenyewe kiko wilaya nyingine. Kwa hiyo watu wa Stilton hawaruhusiwi kutengeneza Stilton!

Sikia hili, lisikie kweli kweli. Yorkshire kuna mmea uitwao rubarbi, una mabua mekundu machachu yanayopikwa na sukari. Wakati wa baridi hukuzwa ndani ya mabanda yenye giza totoro, nao hukimbilia juu ukitafuta mwanga. Hukua kwa kasi hata ukisimama kimya unasikia machipukizi yakipasuka, pa, pa, pa! Wavunaji huingia na mishumaa tu, maana mwanga mkali ungeuharibu.

Chupa ya shampeni ina presha karibu mara 3 ya ile ya tairi la gari. Glasi moja hutoa viputo vinavyokaribia milioni 1. Michelin wenyewe wangeshangaa.

Nitoke mezani nikupeleke nje. Gravetye Manor, Sussex, ilijengwa mwaka 1598 na bwana mmoja kwa ajili ya mkewe. Mwaka 1884 ikanunuliwa na William Robinson, mkulima wa maua aliyewafundisha Waingereza kuacha mistari iliyonyooka na kuruhusu maua yaote kama porini. Aliishi hadi miaka 96, na miguu ilipomwishia aliendelea kusukumwa kwenye kiti cha magurudumu akitawanya mbegu. Hoteli ilifunguliwa hapo mwaka 1958. Bustani yake ya mboga imezungushiwa ukuta wenye umbo la yai, na bado ndiyo inayolisha meza.

Amberley Castle, Sussex hiyohiyo, ina ukuta wa kimo cha mita 18 na lango la chuma la kushushwa kutoka juu, linalofanya kazi mpaka leo. Chewton Glen, karibu na bahari ya kusini, ilijenga vyumba juu ya nguzo ndefu kati ya miti mwaka 2012, mita 10 kutoka ardhini. Kifungua kinywa huletwa kwenye kikapu, kikapitishwa kwenye kitundu ukutani ili mhudumu asikuamshe.

Na kwetu je? Tunayo! Gibb's Farm, Karatu, ilianza mwaka 1929 kama shamba la kahawa la Mjerumani, na tangu miaka ya 1970 inapokea wageni. Bustani yake ya mboga iko hatua chache kutoka jikoni. Ukitoka kuwaona simba Ngorongoro unakuta supu ya mboga zilizochumwa mchana huohuo, na kahawa iliyochomwa palepale.

Nanyuki, chini ya Mlima Kenya, kuna Mount Kenya Safari Club. Mwaka 1959 mwigizaji wa sinema wa Marekani, William Holden, pamoja na wenzake, waliligeuza jumba la hapo kuwa klabu ya wageni, na Winston Churchill akawa miongoni mwa wanachama wake. Mstari wa ikweta unapita katikati ya viwanja vyake! Unaweza kusimama guu moja kaskazini mwa dunia na guu moja kusini, kisha ukaingia ndani kula.

Nairobi, mtaa wa Lang'ata, iko Giraffe Manor, iliyojengwa mwaka 1932 kwa kuiga nyumba za mawindo za Scotland. Mwaka 1974 Jock na Betty Leslie-Melville waliinunua, wakaleta twiga wa Rothschild, aina iliyokuwa imebakiwa na wachache mno nchini Kenya. Twiga hao wakazaana, na sasa wakati wa kifungua kinywa huingiza vichwa madirishani kuomba chochote. Ulimi wa twiga una urefu wa takriban sentimita 45. Ukipewa meza ya dirishani, ushikilie mkate wako!